Mshono wa Msalaba, Darizi ya Kuchora au Kufuma: Kuchagua Pambo la Sikukuu kwa Nyumba ya Mwanza

Anayetaka kupamba sebule kwa kazi ya mikono yake kabla ya Krismasi, Pasaka au Idi ana njia tatu zilizo karibu naye. Ya kwanza ni mshono wa msalaba, ambao hujaza kitambaa kwa misalaba midogo ya uzi inayohesabiwa tundu kwa tundu. Ya pili ni darizi ya kuchora, ambayo sindano hufuata mchoro uliokwisha kuwekwa juu ya kitambaa. Ya tatu ni kufuma kwa sindano yenye ndoano, kazi ambayo nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa zinaijua kupitia vitambaa vya makochi na vya meza. Zote tatu ni kazi za heshima, na nimeona kila moja ikipendeza katika nyumba za Kirumba, Nyegezi na Igoma. Hata hivyo zinatofautiana sana katika mambo ambayo mshonaji huyagundua akiwa amekwisha nunua uzi. Mtu akichagua kwa kuvutiwa na picha tu, anaweza kujikuta Desemba imefika na kitambaa chake kiko nusu, au akapata pambo zuri ambalo mwaka wa pili linatoka sandukuni likiwa na madoa ya ukungu.

Vigezo vya kulinganisha

Kigezo cha kwanza ni muda, kwa sababu sikukuu haimngoji mshonaji. Krismasi ina tarehe moja daima. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, na Idi hutangulia kwa siku kama 11 kila mwaka kwa hesabu ya kalenda ya kawaida, hivyo ndani ya miaka 33 hivi huwa imepita katika misimu yote. Hili lina maana kwa mchoro pia: pambo la Krismasi linaweza kubeba sura ya msimu wake, lakini pambo la Idi lililoshonwa kwa picha ya mvua au ya kiangazi litakuja kutofautiana na hali ya hewa ya nje.

Cha pili ni vifaa, yaani vinapatikana wapi na vinaweza kubadilishwa na nini vikikosekana. Cha tatu ni sura ambazo kila kazi inazimudu, kwa kuwa nyota, maandishi, ua na samaki havishonwi kwa urahisi uleule katika njia zote.

Cha nne ni matunzo, nacho nakipa uzito mkubwa kuliko vyote kwa wakazi wa kandokando ya ziwa. Pambo la sikukuu hutundikwa wiki chache, kisha hukaa miezi kumi au kumi na moja ndani ya sanduku. Kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yake ni ya kuhifadhiwa, na mji wetu una vumbi la kiangazi kuanzia Juni hadi Septemba, unyevu wa vuli na masika, na wale wadudu wadogo wa ziwani wanaoruka kwa makundi, wakifuata taa usiku na kuacha alama juu ya kila kitu cheupe kilicho karibu nayo. Anayelinganisha kazi hizi bila kufikiria sanduku analinganisha nusu ya jambo.

Mwisho ni kujiuliza kazi inamfaa mtu wa namna gani: mwenye subira ya kuhesabu, mwenye mkono wa kuchora, au mwenye vipande vya dakika kumi kumi kati ya shughuli nyingine.

Mshono wa msalaba

Muda. Hii ndiyo kazi ya polepole kuliko nyingine, na ni vema mtu apige hesabu kabla ya kununua chochote. Kitambaa kinachotumika zaidi ni Aida ya 14, yaani kilichofumwa kwa visanduku 14 katika kila inchi, sawa na misalaba 11 katika kila sentimita mbili. Pambo dogo la kuning'iniza lenye misalaba 40 kwa 40 huwa na upana wa sentimita saba na kidogo, na likijazwa lote lina misalaba 1,600. Mshonaji aliyezoea hukadiriwa kumaliza misalaba 100 hivi kwa saa, na anayeanza huwa chini ya hapo, hivyo pambo hilo dogo ni kazi ya saa 16 au zaidi. Picha ya ukutani ya misalaba 100 kwa 140, yaani kama sentimita 18 kwa 25, hufikia misalaba 14,000. Kwa saa moja kila jioni hiyo ni miezi minne na nusu, na anayeitaka kwa Krismasi anapaswa kuwa ameshika sindano mwanzoni mwa Agosti. Michoro mingi huacha sehemu kubwa ya kitambaa wazi, jambo linalopunguza kazi sana, na ningemshauri kila anayeanza achague mchoro wa namna hiyo.

Vifaa. Aida ilibuniwa na kampuni ya Zweigart ya Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, na mpaka leo haipatikani katika kila duka la vitambaa. Anayeikosa katika maduka ya vifaa vya ushonaji yaliyo karibu na Soko Kuu hulazimika kuagiza kutoka nje ya mkoa, na siku za kungoja kifurushi lazima ziingizwe katika hesabu ya muda. Uzi wake ni wa pamba wenye nyuzi sita zilizolala pamoja, ambazo hutenganishwa na kutumiwa mbili mbili kwa Aida ya 14. Sindano ni butu, namba 24, kwa kuwa inapita katika tundu na haitakiwi kutoboa kitambaa. Kampuni kama DMC ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 1746, huuza shada la mita nane na kuipa kila rangi namba ya kudumu: nyekundu ya 321 itakayonunuliwa miaka mitano ijayo imekusudiwa kuwa ileile ya leo. Faida hiyo ni kubwa kwa mtu anayeongeza pambo moja kila mwaka na kutaka yote yafanane.

Aida ikikosekana, kazi haifi. Kitambaa cha pamba cha drafti, kile chenye miraba midogo kama cha sare za baadhi ya shule, kinatosha kabisa: kila mraba hubeba msalaba mmoja mkubwa na hesabu imekwisha kufanywa na mfumaji. Misalaba ikiwa mikubwa, kazi nayo inakwenda haraka zaidi. Gunia la juti lililosafishwa vizuri nalo lina nyuzi zinazohesabika, ingawa hazilingani unene, na picha hutoka imevutika kidogo upande mmoja. Kwa pambo la msimu wa mavuno, la kutundikwa wakati wa Nane Nane, mimi naipenda sura hiyo.

Sura. Mshono wa msalaba unatawala kila kitu kinachokaa katika miraba: nyota ya pembe nane, mipaka ya zigizaga, herufi za Kilatini, nyumba, mashua yenye tanga la pembetatu. Wapalestina wamejenga juu yake sanaa nzima ya maumbo ya kijiometri, ambayo UNESCO iliiweka katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2021, na maumbo ya aina hiyo yanafaa sana kwa Idi. Mkunjo ndio udhaifu wake, kwa maana mwezi mwandamo mdogo hutoka una ngazi ngazi mpaka uongezewe mstari mwembamba wa pembeni, au uchorwe mkubwa vya kutosha ili jicho lisizione ngazi hizo.

Michoro inayouzwa tayari imejaa theluji, misonobari na soksi za kutundika mekoni. Hakuna ubaya kwa anayeipenda, lakini Desemba ya Mwanza ina mkrismasi uliowaka maua mekundu na maembe yaliyoiva, na ua la mkrismasi lenye petali tano, moja ikiwa na weupe uliotiwa madoa mekundu, linaingia vizuri katika chati ya visanduku. Karatasi ya hesabu ya mwanafunzi inatosha kuchorea chati hiyo, kisanduku kimoja kwa msalaba mmoja. Kwa kiangazi kuna furukombe juu ya mti mkavu, kuna Jiwe la Bismarck, na kuna tumba la pamba lililopasuka, mchoro unaostahili nyumba yoyote ya Usukumani.

Matunzo. Kitambaa ni bapa, uzi wake ni wa pamba, na kazi iliyoshonwa bila mafundo kwa nyuma hufuliwa kwa maji baridi na sabuni laini kisha hupigwa pasi ikiwa imelazwa kifudifudi juu ya taulo. Nyekundu ndiyo ya kuogopwa, kwa sababu uzi usio na rangi imara humwaga wekundu wake juu ya kitambaa cheupe, hivyo kipande kidogo kijaribiwe kwanza katika maji. Kwa kuhifadhi, kazi isiyowekwa fremu iviringishwe juu ya bomba la karatasi lililofunikwa kitambaa safi, kwani mkunjo mkali wa mwaka mzima hauondoki kwa urahisi. Anayempelekea fundi fremu amwombe aache nafasi kati ya kioo na kitambaa, maana kioo kikigusa uzi katika mji wenye unyevu, ukungu huanzia pale pale.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye subira, anayefurahia kuhesabu na anayependa kujua mapema kazi itakavyotoka. Mtu asiyejua kuchora kabisa anapata hapa picha sahihi kama ya mchoraji, ilimradi asipoteze hesabu na akumbuke kwamba mkono wa juu wa misalaba yote unapaswa kulala upande mmoja. Haimfai anayeshona jioni umeme ukiwa wa mashaka, kwa kuwa tundu za Aida hazihesabiki kwa mwanga hafifu, na macho huchoka mapema.

Darizi ya kuchora

Muda. Kazi huendana na wingi wa kujaza. Pambo lililoshonwa mistari ya nje tu, kwa mshono wa nyuma au wa mnyororo, linaweza kukamilika katika jioni mbili au tatu. Lilelile likijazwa uzi ndani kote litadai wiki. Uhuru huu ni hazina kwa aliyechelewa, kwani anaweza kuamua katikati ya kazi kuacha majani yakiwa mistari mitupu na pambo likabaki zima.

Vifaa. Hapa Mwanza hii ndiyo njia rahisi kuanzia upande wa kitambaa. Shuka la pamba, marikani, hata shuka zuri la mtumba kutoka Mlango Mmoja linafaa, mradi limefuliwa na kunywea kabla ya kushonwa. Sindano yake ni yenye ncha kali, na duara la kunyooshea kitambaa ni la lazima zaidi kuliko katika mshono wa msalaba, kwa sababu kitambaa laini kikilegea mishono hukivuta na kukikunja. Mchoro huhamishwa kwa kuweka kitambaa juu ya karatasi dhidi ya kioo cha dirisha mchana na kupitisha penseli laini. Karatasi ya kaboni ni ya haraka, lakini alama zake mara nyingine hukataa kutoka zikifuliwa, na juu ya kitambaa cheupe nisingeitumia.

Sura. Kila mkunjo uko ndani ya uwezo wake. Sangara anayejipinda, petali, wimbi na uso wa mtu hutoka kwa ulaini ambao misalaba haiwezi kuufikia. Kwa maandishi ya Kiarabu sioni njia nyingine inayoifikia, kwani herufi hizo zinaishi katika mikunjo na unene unaobadilika. Anayedarizi maneno matukufu ayashone juu ya kitambaa cha kutundika juu ukutani, wala si juu ya mto wa kochi utakaokaliwa. Pwani ina ushahidi wa zamani wa umahiri wa sindano inayofuata mchoro katika kofia za mkono za Zanzibar na Lamu, ambazo hushonwa kwa miezi na kuvaliwa kwa fahari siku za Idi. Gharama ya uhuru huo ni kwamba mchoro mbaya hauokolewi na mshono mzuri, na kila mkono usiotulia huonekana.

Matunzo. Hufuliwa sawasawa na mshono wa msalaba, ila mishono mirefu ya kujazia hunasa kucha, vifungo na msumari wa ukutani, na uzi ukishanaswa hauna namna nzuri ya kurudi. Kwa hiyo inafaa zaidi kwa kitu kisichoguswa mara kwa mara. Katika sanduku ikae kati ya vitambaa safi, mbele ikitazama kitambaa kilaini.

Inamfaa nani. Mwenye mkono wa kuchora, au mwenye binti au mpwa anayechora vizuri na kukubali kuchora ili mama au shangazi ashone, atapata humu furaha kuliko kwingine.

Kufuma kwa sindano yenye ndoano

Muda. Nyota ndogo ya kutundika humalizika ndani ya saa moja au mbili mikononi mwa mfumaji wa kawaida, na mlolongo wa nyota kumi na mbili unaweza kukamilika katika wiki mbili bila mtu kuacha shughuli zake. Mkono ukizoea, macho hayahitajiki kila wakati. Kazi hii hufanyika kwenye baraza jioni, katika foleni, na hata katika safari ya usiku ya meli kati ya Mwanza na Bukoba. Ukikosea unavuta uzi, kosa linafumuka, na uzi ni uleule.

Vifaa. Sindano moja na bunda la uzi wa pamba vinatosha. Hakuna kitambaa, hakuna duara, wala hakuna chati ya lazima. Uzi mwembamba wa vitambaa vya makochi unapatikana kwa wingi kuliko uzi wa kudarizi, na walimu ni wengi, kwani katika mitaa mingi hakosi mama anayefuma.

Sura. Inamudu vitu vyenye umbo lake vyenyewe: nyota, kengele, mayai ya Pasaka, miezi ya kuning'iniza, taji la maua la mlangoni, ukingo wa kitambaa cha meza. Picha na maandishi si uwanja wake. Yapo mafumo yanayotoa picha kwa miraba iliyojazwa na iliyoachwa wazi, na chati ya mshono wa msalaba yenye rangi moja inaweza kufumwa kwa njia hiyo, ila maelezo madogo hupotea.

Matunzo. Hapa ndipo ninapoomba tahadhari zaidi. Nyota iliyofumwa haisimami bila kutiwa wanga, na wanga wa muhogo uliopikwa mwepesi kama uji unafanya kazi vizuri. Baadhi ya watu hutumia maji mazito ya sukari, ambayo hukausha pambo likawa gumu kweli, lakini sisimizi hulifuata hata likiwa limetundikwa. Unyevu wa masika hulegeza vyote viwili. Jambo kubwa ni kwamba wanga ni chakula cha mende na wadudu wengine wa kabatini, hivyo pambo lililotiwa wanga halipaswi kuhifadhiwa nao: lifuliwe, likaushwe kabisa, liwekwe laini, na mwaka ujao litiwe wanga upya. Vumbi nalo huingia katika kila tundu la fumo, ingawa hutoka kirahisi kwa kulowekwa.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye shughuli nyingi, mwenye watoto wanaotaka kuona kitu kimekamilika leo, na anayetaka mapambo mengi kwa fedha kidogo.

Kuchagua kwa hali

Aliyesoma haya mwezi wa Oktoba au Novemba, na hajawahi kushona chochote, afume nyota au adarizi mistari mitupu kwa ajili ya Krismasi hii. Kama moyo wake uko kwenye mshono wa msalaba, aanze na pambo moja la misalaba 30 kwa 30 lenye nafasi wazi nyingi, na ile picha kubwa aiweke kwa mwaka ujao, akiianza wakati wa kiangazi ambapo mchana ni wa jua na mwanga wa dirishani ni wa bure.

Mwenye nyumba ya Idi anayetaka jina la sikukuu kwa herufi za Kilatini na mpaka wa nyota atapata kazi safi kwa mshono wa msalaba. Akitaka herufi za Kiarabu, achague darizi ya kuchora, na kama anatamani vyote, kitambaa kimoja kinaweza kubeba mpaka wa misalaba na maandishi ya darizi katikati, ilimradi kitambaa chenyewe kiwe na nyuzi zinazohesabika.

Kwa nyumba iliyo karibu kabisa na maji, ambako wadudu wa ziwani huingia kila taa ikiwashwa, mapambo yanayofulika mara nyingi ndiyo ya kutangulizwa: vitambaa vya meza vilivyodariziwa, au mishono ya msalaba juu ya drafti ya rangi badala ya Aida nyeupe. Yatundikwe mbali na taa na mbali na dirisha lenye jua kali, maana jua hupausha uzi wa pamba hata ule wenye rangi imara.

Anayeshona pamoja na watoto wa shule za msingi awape drafti, sindano butu na uzi mnene, kwa kuwa watahesabu miraba bila kuchoka, na sindano butu haiwachomi. Kufuma kunaweza kungoja mpaka vidole vyao vipate nguvu ya kushika uzi kwa mvutano mmoja.

Na wale wanaopamba kwa ajili ya Bulabo, sikukuu ya ngoma inayoandamana na Ekaristi Takatifu pale Bujora, Kisesa, wakumbuke kwamba huangukia karibu na mwanzo wa Juni, masika yakiwa yamekwisha au yanakaribia kwisha. Kazi itashonwa wakati wa mvua, kwa hiyo kitambaa kikae ndani ya mfuko wa pamba kila jioni kinapowekwa chini, na pambo lisitundikwe wala kufungiwa kabla ya kuanikwa kivulini mpaka likauke kabisa.